Mkaguzi na Kipandio cha Tano

Darasa la sayansi la shule ile limejengwa juu kidogo ya madarasa mengine, na mtu hulifikia kwa ngazi ya saruji yenye vipandio sita. Wageni wakipanda leo huona herufi nyeupe zilizofifia kwenye kila kipandio, isipokuwa cha tano, ambacho ni kitupu. Maneno mengi yamezushwa kuhusu kipandio hicho, na mengi ni ya watu ambao hawakuwapo. Inafaa jambo lielezwe mara moja, kwa utaratibu, na watu walale.

Mwalimu wa sayansi katika darasa lile alikuwa mtu safi. Shati lake lilipigwa pasi hata mikunjo ya kola, chaki yake ilikaa kwenye kikopo chenye kifuniko, na meza aliyofundishia ilikuwa ileile aliyofundishia marehemu baba yake, yenye alama ya kuungua pale ambapo mzee aliwahi kuonyesha moto. Baba alikuwa mwalimu wa sayansi, na baba wa baba alifundisha kabla somo lenyewe halijapewa jina hilo. Kwa hiyo mtoto alipopewa darasa lile, ukoo mzima uliona ni kama mtu kurudishiwa kiti chake.

Tatizo lilikuwa jina la utani. Walimu wenzake walimwita Kasuku.

Hawakumwita hivyo kwa ubaya wa sauti, kwa maana sauti yake ilikuwa nzuri. Walimwita hivyo kwa sababu ya wanafunzi wake. Ukipita nje ya darasa lake ungesikia watoto arobaini wakitamka kwa pamoja, bila hata mmoja kuchelewa:

"Uvukizaji ni hali ya kimiminika kugeuka kuwa mvuke, mkato, kutokana na joto, nukta!"

Mkato na nukta walivitamka kwa sababu mwalimu alivitamka alipowasomea wakaandika, na hakuna aliyewaambia kwamba hivyo si sehemu ya sayansi. Mwalimu mwenyewe aliona ni nadhifu. Shangazi yake, dada wa marehemu baba, hakuona hivyo. Alimwita sebuleni kwake, akamkalisha kwenye kiti kigumu, akamwambia, "Mwanangu, ukoo huu umetoa walimu. Haujawahi kutoa ndege."

"Shangazi, ni utani wa ofisini tu."

"Utani wa ofisini ndio huchongwa kwenye kaburi. Uliondoe hilo jina kabla sijafa, maana nikifa nalo nitakusumbua."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa alipokuja mkaguzi wa elimu mara ya kwanza. Alikuwa mama mrefu, mwenye sketi ya buluu iliyonyooka kama rula na miwani aliyoivua kila alipotaka kuuliza swali gumu. Alisikiliza watoto wakitoa maana ya uvukizaji. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akavua miwani.

"Vizuri. Sasa niambieni. Nyumbani nguo zikifuliwa asubuhi, jioni zimekauka. Yale maji yamekwenda wapi?"

Msichana mmoja aliyekaa mbele, mwenye sauti ya kupasua masikio na ambaye kwa ajili hiyo aliitwa Kengele, akanyoosha mkono.

"Yameibwa, mama."

"Na nani?"

Kengele akafikiri. "Na jirani."

Mvulana mmoja aliyeitwa Mzee, kwa sababu alikohoa kabla ya kusema chochote, akakohoa. "Si jirani. Mama huyakamua yote. Ana mikono yenye nguvu sana."

Na darasa lilipoona mambo yanaharibika, likafanya lilichojua kufanya. Likapaza sauti kwa pamoja: "Uvukizaji ni hali ya kimiminika..." hadi kwenye nukta.

Mkaguzi akavaa miwani. Mbele ya mwalimu mkuu, mtu mpole aliyeogopa ugomvi kuliko radi, akasema atarudi kabla ya muhula kuisha. Akikuta watoto bado wanakariri bila kuelewa, somo la sayansi litapewa mwalimu wa michezo, kijana aliyekuwa na filimbi shingoni muda wote, hata akila. Kijana huyo alikuwa mlangoni. Alipiga filimbi kidogo kwa mshtuko.

Mwalimu alirudi nyumbani siku ile na moyo mzito kama jiwe la kusagia. Si mshahara uliomsumbua, mshahara ungebaki. Lakini meza ya baba yake, yenye alama ya moto, iwekewe mipira juu?

Mwalimu mkuu, ili asionekane amekaa tu, akampeleka semina. Huko mwalimu alifundishwa mpango unaojulikana na walimu wengi, wa ngazi sita za kujifunza. Mtoto huanza kwa kukumbuka, kisha kuelewa, kisha kutumia, kuchambua, kutathmini, na juu kabisa kubuni. Mwezeshaji alieleza kwamba ngazi hizi ni za kumsaidia mwalimu achague maswali mazuri, ili asiishie kuuliza la kukumbuka tu. Maelezo hayo ya mwisho yalitolewa karibu na chakula cha mchana, na inawezekana hayakusikika vizuri nyuma. Mwalimu alichoondoka nacho ni kwamba kuna ngazi, zina mpangilio, na hakuna ruhusa ya kuruka hata moja.

Alianzia nyumbani.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwenye tepu shingoni na pini mdomoni, na banda lake la kushonea lilikuwa ng'ambo tu ya uwanja wa shule. Jioni ile bomba la jikoni lilikuwa limepasuka na maji yanaruka hadi kwenye mlango.

"Mume wangu, njoo ufunge koki!"

Mwalimu akaja, akasimama mahali pakavu, akakunja mikono kifuani. "Tuanze na kukumbuka. Bomba hili lilianza lini kuvuja?"

"Lilianza ulipokuwa semina!"

"Vizuri. Sasa kuelewa. Kwa maneno yako mwenyewe, kuvuja ni nini?"

Mkewe akatoa pini mdomoni. Mtu aliyemjua angeondoka wakati huo. "Baba watoto," akasema taratibu, maji yakimfika kwenye kifundo cha mguu, "kwa maneno yangu mwenyewe, usipofunga hiyo koki nitakutumia, nikuchambue, na nikishamaliza hutabuni kitu tena maishani."

Akafunga koki. Lakini alifurahi, maana mkewe alikuwa amezitaja ngazi tatu kwa pumzi moja.

Jumatatu akaja shuleni na kopo la rangi nyeupe ya maji na brashi. Vipandio vilikuwa sita, ngazi za kujifunza ni sita. Mtu yeyote angeona hiyo ni ishara. Akaandika kwenye kila kipandio neno lake kwa herufi kubwa: KUKUMBUKA chini kabisa, KUBUNI mlangoni. Na sheria ikawa hii: hakuna anayeingia darasani bila kujibu swali kwenye kila kipandio.

Siku ya kwanza mtoto wa mwisho aliingia wakati kengele ya kwenda nyumbani inalia. Siku ya pili mwalimu mkuu alileta boksi la chaki. Akakwama kwenye kuchambua.

"Mwalimu, hizi ni chaki tu."

"Ndiyo, mkuu. Zitofautishe na mkaa."

Mwalimu mkuu akatazama kushoto, akatazama kulia, akazunguka nyuma ya jengo, akakuta mlango wa nyuma una kufuli. Inasemekana aliingia kwa dirisha. Aliingia kwa dirisha, ni kweli, lakini lilikuwa dirisha la chini, na alivua viatu kwanza.

Baada ya wiki kadhaa watoto walikuwa wanapanda ngazi kama maji yanayoshuka mtaro. Mwalimu alisimama juu, amevimba kifua, akauliza maswali, na majibu yakaja kabla hajamaliza. Kwenye kuelewa: "Kwa maneno yangu mwenyewe, mkato, uvukizaji ni maji kwenda juu, nukta!" Wote arobaini walikuwa na maneno yao wenyewe, na yalikuwa maneno yaleyale. Kwenye kubuni, kila mmoja alijibu, "Nimebuni mwavuli wenye taa, nukta!"

"Wote mmebuni mwavuli wenye taa?"

"Ndiyo, mwalimu! Kengele alibuni, sisi tukakariri!"

Kitu kidogo kilimchoma mwalimu rohoni aliposikia hivyo, kama punje ya mchanga ndani ya soksi. Lakini uwanjani wasichana walikuwa wakiruka kamba huku wakiimba kukumbuka, kuelewa, kutumia, na wimbo ulikuwa mtamu. Akaipuuza punje ile.

Habari ikaja kwamba mkaguzi angefika kesho yake asubuhi. Mwalimu akatazama ngazi zake. Miguu ya watoto ilikuwa imezichubua herufi hata KUTATHMINI ikasomeka kama orodha ya meno yaliyobaki. Basi jioni ile akayakwangua mabaki, akachukua kopo na kuzipaka upya, rangi nzito, herufi nene. Kisha akawaza vumbi. Akawaza kuku wa jirani. Akaleta nailoni kubwa isiyopenyeza hata pumzi, akaifunika ngazi yote, akaikandamiza kwa mawe pande zote, ili rangi ikauke kwa amani bila kubughudhiwa. Akaenda kulala akiwa mtu mwenye furaha.

Yafaa ikumbukwe kwamba mtu huyu alikuwa amefundisha uvukizaji tangu alipoajiriwa.

Asubuhi, gari la mkaguzi lilipoingia getini, watoto walikuwa wamejipanga mstari kando ya ngazi. Mwalimu akaivuta nailoni kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayefunua sanamu ya shujaa. Herufi ziling'aa. Ziling'aa sana. Alidhani ni ubora wa rangi.

"Karibu, mheshimiwa. Hizi ndizo ngazi sita za kujifunza. Tafadhali panda, na watoto watakuonyesha."

Mkaguzi, akiwa na sketi yake ya buluu, akapanda akisoma kwa sauti. "Kukumbuka. Kuelewa. Kutumia..." Kwenye kuchambua alisita, akatazama soli ya kiatu chake. Akaweka mguu wa kulia kwenye kutathmini.

Wanaotia chumvi husema alianguka chali na miguu ikaenda mbinguni. Huo ni uongo na utovu wa adabu. Mkaguzi aliteleza, kisha akakaa. Alikaa kwenye kipandio cha tano, kwa uzito wote wa ofisi yake, akiwa ameshika begi lake na miwani ikiwa bado usoni.

Mwalimu wa michezo, aliyekuwa anatazama kutoka uwanjani, akapiga filimbi ndefu kama mtu anayeona rafu.

"Mheshimiwa," akasema mwalimu mkuu kwa sauti nyembamba, "umekaa vizuri?"

"Niinueni."

Wakamwinua. Alipogeuka kutazama alipokalia, kipandio kilikuwa kimekuwa saruji tupu, na kila herufi ilikuwa nyuma ya sketi yake, nyeupe juu ya buluu, imegeuzwa kama kwenye kioo. Mzee, aliyekuwa mtoto mwenye bidii ya kusoma, akakohoa na kuanza.

"I-ni-m-h-ta-tuk. Mwalimu, hilo ni somo gani?"

"Nyamaza," akasema mwalimu. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi ndani ya kola iliyopigwa pasi. Aliiona meza ya baba yake ikibebwa. Aliiona mipira.

Kengele alikuwa ameshatumwa, au amejituma, kwa fundi cherehani. Mke wa mwalimu akaja mbio amebeba beseni, na pazia la mteja lenye maua makubwa mekundu. Akaitazama sketi kwa jicho la fundi.

"Hii ni rangi ya maji, mama yangu, na bado mbichi. Ikifuliwa sasa hivi inatoka. Ikikaukia hapo, utatembea na hayo maandishi mpaka ustaafu."

"Nina shule nyingine mchana," akasema mkaguzi. "Siwezi kwenda na pazia."

"Basi tufue tuikaushe upesi."

Mkaguzi akaingia darasani kwa mlango wa nyuma na fundi, akajifunga pazia lile la maua makubwa mekundu, akaketi kwenye kiti cha mwalimu kando ya dirisha akiwa na heshima zake zote. Nje, fundi akasugua sketi kwenye beseni, akaikamua, akaiinua. Maandishi yalikuwa yametoka, lakini ilikuwa inachuruzika.

"Haya," akasema fundi, akimtazama mumewe mbele ya watu wote. "Wewe ndiye mwenye sayansi. Ikauke vipi upesi?"

Watoto arobaini wakamgeukia mwalimu. Akafungua mdomo. Kilichotoka ni kile kilichokuwa ulimini siku zote.

"Uvukizaji ni hali ya kimiminika kugeuka kuwa mvuke, mkato..."

Akasimama hapo hapo kwenye mkato. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi aliona kwamba baada ya mkato ule hajui kitu. Akatazama sketi. Akatazama ngazi, rangi mbichi, nailoni aliyoivuta.

"Sijui," akasema. "Nyinyi mnaonaje? Mbona hata rangi yangu haikukauka usiku kucha?"

Swali hilo halikuwa na jibu lililokaririwa. Kengele akainama, akaishika ile nailoni, akaigeuza.

"Mwalimu! Njoo uone! Huku ndani kumelowa!"

Kweli, upande wa chini wa nailoni ulikuwa umejaa matone madogo, yamejipanga kama jasho kwenye paji la uso.

"Kwa hiyo?" akauliza mwalimu. Na alikuwa anauliza kweli.

"Kwa hiyo maji ya rangi yalitaka kuondoka," akasema Kengele, akikunja uso, "yakapanda, yakaikuta nailoni, yakakwama. Hayakuwa na pa kwenda. Wewe ndiye uliyeyafungia, mwalimu. Na kumbe nguo za nyumbani haziibiwi na mtu, maji yanajiendea tu hewani. Hewa ikipita yanaondoka, isipopita yanakaa."

Mwalimu alisubiri. Alisubiri kidogo zaidi. Kengele alikuwa amemaliza, na hakuwa amesema nukta.

Akajifanya anafuta miwani ambayo hana.

"Basi tuianike juani!" akapiga kelele mtoto mmoja.

"Juani penye ukuta hakuna upepo," akasema Mzee baada ya kukohoa. "Mimi naona upepo ni bora."

"Jua!"

"Upepo!"

"Jua, mzee wa bandia wewe!"

"Msigombane," akasema fundi. "Chukueni vitambaa." Akawarushia vipande viwili vya kitambaa sawa. Wakavilowesha, wakakunja kimoja wakakiweka juani chini ya ukuta, wakakitandaza kingine uwanjani kwenye upepo. Wakakaa wakivigusa kila mara, hata mwalimu ilibidi awaambie mikono yao nayo ina maji. Kile kilichotandazwa kikaanza kukauka kingine kikiwa bado kama sponji. Mzee akatembea akizunguka kama aliyeoa.

"Lakini hatukufanya haki," akasema Kengele. "Kile kilikunjwa. Huenda ni mkunjo, si jua."

Mkaguzi, dirishani ndani ya maua yake, akavua miwani.

Wakarudia, vyote vikiwa vimetandazwa. Mwishowe ikaamuliwa kwamba jua na upepo vyote ni vyema na mkunjo ni adui. Wakaikimbilia sketi. Sasa itandazwe wapi, juu, penye jua na upepo, bila kugusa chini? Macho yote yakaenda kwenye wavu wa voliboli.

"Hapana!" akasema mwalimu wa michezo. "Huo ni wavu wa mashindano!"

"Kaka, ni sketi ya mkaguzi," akasema fundi.

Yule kijana akafikiri, akaona mustakabali wake, akasaidia kuifunga. Wakaifunga sketi kwa pini za fundi pande nne, ikatanda kama tanga, na watoto wakajipanga mistari miwili wakiipepea kwa majalada ya vitabu. Wale waliochoka walipokezana. Mwalimu wa michezo akawa anawapigia filimbi wapepee kwa mdundo mmoja. Mwalimu mkuu akapita, akaona darasa zima linapepea sketi, akageuka akarudi ofisini bila kuuliza. Ni busara iliyomweka kazini miaka mingi.

Mwalimu alisimama pembeni mikono mitupu. Hakuna aliyemuuliza kitu. Hakuna aliyetaja ngazi hata moja, na hapo ndipo alipogundua, akihesabu vidoleni kwa siri, kwamba walikuwa wamezipanda zote, na nyingine walizirukia, na nyingine walizishuka wakarudi.

Sketi ilikauka mapema. Mkaguzi akaivaa, akalikunja pazia, akalirudisha kwa fundi kwa mikono miwili. Kisha akamwita mwalimu pembeni ya meza yenye alama ya kuungua.

"Sayansi ibaki kwako," akasema.

Mwalimu akainamisha kichwa kwa shukrani. "Mheshimiwa, kuhusu ngazi zile..."

"Ngazi zako ni nzuri. Ziweke kichwani mwako unapotunga maswali. Saruji iache." Akashika begi. "Na ukipaka kitu, usikifunike."

Akatoka kwa mlango wa nyuma.

Jioni shangazi alipata habari zote kabla mwalimu hajafika nyumbani, maana alikuwa na watu wake. Alipoingia sebuleni kwake alimkuta mwalimu amekwisha kaa kwenye kiti kile kigumu, bila kuitwa.

"Nasikia umekalisha mkaguzi kwenye rangi."

"Ndiyo, shangazi."

"Nasikia pia meza ya kaka yangu imebaki."

"Imebaki."

Shangazi akanyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo. "Wanakuitaje sasa?"

Mwalimu akatazama chini. Tangu mchana, ofisini, alikuwa na jina jipya. "Wananiita Nailoni."

Shangazi alilipima jina hilo kwa muda mrefu, kama mtu anayeonja chumvi. "Haya," akasema. "Angalau si ndege."

Herufi nyingine zimeachwa zijifie zenyewe chini ya miguu ya watoto. Kipandio cha tano hakikupakwa tena. Mkaguzi huja kila mwaka, kwa sketi nyingine, na akifika hapo hukinyanyua kiatu chake juu sana na kukiruka kipandio hicho, na watoto walio dirishani, ambao wengi wao hawakuwapo siku ile, humshangilia.